Madoa meusi tumboni, kinyama kidoleni: je, ni saratani?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 46, kazi yangu ushonaji. Ngozi yangu ni nyeusi sana. Nakuandikia kwa sababu nimekwenda kwa watu wanne nikarudi na majibu manne, na sasa usingizi umenipaa.

Jambo lilianza miaka sita iliyopita. Nilikuwa naoga, nikapapasa kitu kidogo juu ya kitovu, kama kichwa cha pini. Kilikuwa cheusi, chenye zambarau kwa mbali. Sikukijali. Mwaka uliofuata vikawa vitatu, na leo nahesabu 19: tumboni, kifuani, viwili chini ya titi, kimoja begani. Kikubwa kuliko vyote hakifiki milimita 4, nimekipima kwa tepu yangu ya kazini. Haviumi wala haviwashi.

Muuza dawa aliviita fangasi, akanipa krimu niliyoipaka miezi miwili. Hakikuondoka hata kimoja, ila ngozi inayovizunguka ikawa nyembamba kama karatasi. Jirani akasema ni sunzua, nivikate kwa wembe. Daktari wa kwanza alivitazama akiwa amekaa ng'ambo ya meza, akasema ni alama za kawaida, niende nyumbani. Wa pili ndiye aliyenimaliza. Alitamka neno “Kaposi”, na hakunitamkia mimi, alikuwa anamwambia mwenzake. Kisha akaniandikia kipimo cha VVU bila kunieleza kwa nini. Nilipima, sina. Nilipomuuliza, kama si hicho basi ni nini, akajibu nirudi vikikua.

Nikaanza kutafuta picha mwenyewe kwenye simu. Nilikuta vitu vinavyofanana na vyangu kwa umbo, lakini kila picha ni ya mtu mweupe na kidoa chake ni chekundu kama rangi ya kucha. Changu si chekundu. Nikasema hicho sicho, nikaendelea kusoma hadi nikafika kwenye picha za saratani ya ngozi, nyeusi tii, na hizo ndizo nilizoona zimefanana na zangu.

Halafu, wiki tano zilizopita, nilijidunga sindano ya cherehani kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Pakapona. Baada ya siku kumi hivi pakaota kinyama, na sasa kina ukubwa wa kifungo cha shati. Juu kina ganda jeusi. Ganda likibanduka, chini yake ni nyama nyekundu yenye majimaji, na kinatoa damu hata kikiguswa na kitambaa tu. Nimeshaharibu nguo ya mteja. Nilikifunga uzi shinani ili kikauke kidondoke, kikavimba na kuniuma usiku kucha, nikaufungua. Je, hiki na vile vya tumboni ni kitu kimoja kinachosambaa?

Samahani kwa urefu. Na kama nafasi itabaki: mdogo wangu ana mtoto wa kike wa wiki saba, alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Kwenye kope lake la juu, jicho la kulia, pana kiuvimbe chenye rangi ya bluu, kama vile amejigonga. Alipozaliwa hakikuwapo. Kilianza kama doa hafifu, na sasa jicho hilo halifunguki lote. Kliniki walimwambia mdogo wangu ni alama tu ya utotoni, itaondoka yenyewe akikua. Na mimi nikamwambia atulie. Nimekosea?

Mama Mshonaji

*

Marahaba, Mama Mshonaji.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia chini kwenda juu, kwa sababu hilo uliloliombea nafasi iliyobaki ndilo lisiloweza kusubiri. Nitajibu kwa mpangilio huo: mtoto, kidole, kisha tumbo. Hofu yako imepangika kinyume chake kabisa, na sikulaumu. Ulifuata rangi, na rangi juu ya ngozi zetu hudanganya hata waliosomea.

Tuanze na mwanao huyo mdogo, maana wewe ni mama yake mkubwa. Uvimbe ambao haukuwapo siku ya kuzaliwa, ukaanza kama doa hafifu, kisha ukakua ndani ya wiki chache, una tabia zote za hemanjioma ya watoto wachanga. Huo ni uvimbe usio saratani, unaotokana na chembe zinazotandika kuta za ndani za vimishipa vya damu. Huwapata watoto wanne au watano katika kila 100, wasichana zaidi kuliko wavulana, na watoto njiti zaidi kuliko waliotimiza miezi. Yeye ni msichana na ni njiti.

Walichosema kliniki ni nusu ya ukweli. Ni kweli hemanjioma huondoka yenyewe: huanza kunywea mtoto akikaribia mwaka mmoja, na nyingi huwa zimemaliza kunywea afikapo miaka minne. Lakini kabla ya kunywea kuna kukua, na kukua huko hukimbia sana kati ya wiki ya tano na ya nane, hivi kwamba kufikia mwezi wa tano uvimbe mwingi umeshachukua karibu ukubwa wake wote. Ungekuwa mgongoni ningekubaliana nao, tuutazame tu. Huu uko kwenye kope. Jicho la mtoto hujifunza kuona katika miezi hii hii. Kope likilifunika, au uvimbe ukiligandamiza hadi likapinda umbo, ubongo huacha kulisikiliza jicho hilo na kulitegemea lile jingine, na miwani ya baadaye haiwezi kurudisha yote yaliyopotea.

Kwa nini uvimbe ukaonekana kama amejigonga? Kwa mtoto mweupe, hemanjioma iliyo juu juu huwa nyekundu ya kuwaka, hakuna anayeikosa. Kwa mtoto wetu, au ikiwa imejificha chini ya ngozi, huwa ya bluu, zambarau, kijivu, ama kivimbe laini tu chenye rangi ile ile ya ngozi. Nina deni hapa, acha nilitaje. Nikiwa daktari mchanga, niliyefunzwa kwa picha za ngozi nyeupe tupu, niliona kitu kama hiki shavuni mwa mtoto nikamuuliza mama yake ni nani amempiga. Yule mama alilia, na mimi nilichelewa wiki tatu kujua nilichokuwa nakitazama. Tangu siku hiyo huuliza kwanza kitu kilianza lini na kimekwendaje, ndipo nikitazame. Alama ya kugonga hubadilika rangi na kwisha ndani ya wiki mbili hivi. Hii inakua. Yale mabaka ya kijivu-bluu ambayo watoto wetu wengi huzaliwa nayo kiunoni na matakoni nayo ni kitu kingine: yamelala bapa, hayaoti, na rangi yake ni melanini, ile rangi asilia ya ngozi, iliyokaa chini sana, wala si damu. Hemanjioma ukiigusa ni laini, wakati mwingine ina joto kidogo, na mtoto akilia hutuna.

Dawa ipo, nayo ilipatikana kwa njia ya pembeni. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza jinsi mtoto aliyepewa propranolol kwa ajili ya moyo wake alivyoanza kuonyesha badiliko siku iliyofuata: hemanjioma ya puani ikalainika na wekundu wake ukapungua. Leo ndiyo dawa ya kwanza kwa hemanjioma zenye hatari, na kadiri inavyoanza mapema katika kipindi cha kukua ndivyo inavyosaidia zaidi. Tafadhali, na hapa nakusihi, mdogo wako asinunue vidonge vya mtu mzima akavisaga. Dawa hii hushusha sukari mwilini na mapigo ya moyo, hupimwa kwa uzito wa mtoto, hutolewa akiwa amenyonya, na lazima moyo na kifua vichunguzwe kabla.

Mtoto aende wiki hii kwenye hospitali yenye daktari wa watoto na daktari wa macho. Mama yake achukue picha zote za simu tangu siku ya kuzaliwa, azipange kwa tarehe. Akifika aseme maneno matatu yasiyoweza kupuuzwa: kilianza baada ya kuzaliwa, kinakua, kinafunika jicho. Amvue mtoto nguo zote pia wamtazame mwili mzima, kwa sababu vikikutwa vitano au zaidi, ini nalo hupigwa picha ya ultrasaundi. Na ndiyo, ulikosea kumwambia atulie. Mpigie kabla hujamaliza kusoma.

Sasa kidole. Kinyama kinachoota siku chache baada ya kidonda kidogo, kikakua ndani ya wiki, kikawa laini, chenye majimaji, chenye shingo nyembamba shinani, na kikamwaga damu kwa kuguswa tu, kwa kawaida ni kile kinachoitwa granuloma ya piojeni, yaani “granuloma ya usaha”. Jina hilo lilitolewa mwaka 1904 na limekosea mara mbili, maana hakina usaha na wala si granuloma, yaani kivimbe cha chembe za kinga. Ni kichaka cha vimishipa vya damu vilivyoota kwa fujo mahali palipoumia. Vidole, midomo na ufizi ndiko kunakopendwa, na wajawazito hukipata sana kwenye ufizi. Hakisambai, na hakihusiani na vya tumboni.

Lakini hapa sitaki nikupe utulivu nusu. Kuna saratani ya ngozi, melanoma, ambayo wakati mwingine huota bila weusi wake, nyekundu na yenye damu, ikafanana na kinyama chako kama pacha. Watu weusi huipata mara chache kuliko weupe, ila inapotupata hupenda viganja, nyayo na chini ya kucha, mahali ambapo kila mtu husingizia jeraha. Bob Marley aliambiwa mwaka 1977 kwamba kidonda cha kidole chake cha mguu, kilichodhaniwa ni cha mpira, kilikuwa melanoma. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Simtaji ili kukutisha, kwa sababu hadithi ya kinyama chako, sindano, siku kumi, wiki tano, inaegemea sana upande salama. Namtaja ili uelewe kwa nini nitakachosema sasa hakina mjadala: kikikatwa, kiende maabara. Kisitupwe kwenye ndoo.

Kazi yenyewe ni ndogo. Daktari atakudunga ganzi shinani mwa kidole, atakikwangua au kukikata, kisha ataunguza mahali kilipoota kwa kifaa cha umeme ili damu ikatike na kisirudi. Baadhi hurudi, na hapo hurudiwa kwa kukata kwa kina zaidi. Kabla hajaanza, muulize kwa heshima, “Daktari, kipande hiki kitapelekwa kupimwa?” Akisema hakuna haja, omba kiwekwe kwenye chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhia, hata hivyo na upewe fomu ya maabara. Mtu ana haki juu ya kipande cha mwili wake. Kwa wenye VVU huongezwa sababu nyingine: kuna bakteria waitwao Bartonella wanaootesha vinyama vinavyofanana na hiki kabisa, na hivyo hutibiwa kwa antibayotiki, kisu hakivimalizi.

Mpaka siku hiyo, usikifunge uzi tena. Uzi huzuia damu kurudi, kinyama hututumka, nyama hufa huku ikiwa imeshika, na vijidudu huingia. Kikitoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 15 kamili kwa saa, bila kufunua kuchungulia, mkono ukiwa umeinuliwa. Paka mafuta mazito ya petroli juu yake ili ganda lisishike kitambaa, halafu fungia bandeji unaposhona.

Tumefika tumboni, kulikokunyima usingizi. Sijakuona kwa macho, na anayeweza kuthibitisha ni yule atakayekugusa. Ila mwili wako umeandika barua nzuri: vilianza baada ya miaka 35, vimeongezeka polepole kwa miaka sita, viko kiwiliwilini, ni vidogo, vya duara, vimetuna kidogo, haviumi. Hayo ni maelezo ya anjioma za cheri, kama ninavyoyasikia wiki baada ya wiki. Ni vimishipa vidogo vya damu vilivyotanuka na kujikusanya mahali pamoja. Mtu akipita miaka 30 huanza kuziona, na uzeeni karibu kila mtu anazo. Hazigeuki kuwa saratani.

Tazama jina lenyewe. Zimeitwa kwa tunda jekundu, na aliyelitunga alikuwa anatazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi hiyo damu iliyo chini huonekana kama ilivyo, kama taa isiyo na pazia. Sisi tuna pazia la melanini katika tabaka la juu la ngozi, na melanini hunywa mwanga kabla haujafika kwenye damu na unaporudi. Wekundu hutoka nje ukiwa umekuwa damu ya mzee, zambarau, kahawia iliyokolea, na kwa mtu mweusi sana, mweusi kabisa. Damu ikiganda ndani ya anjioma, hata mzungu huiona nyeusi. Kwa hiyo ulipolinganisha vyako na picha za simu ukaona “hicho sicho”, kosa lilikuwa la picha. Zingekuwepo picha za watu kama wewe, ungelala.

Hofu ya saratani juu ya vidoa hivi si ya kwako peke yako. Campbell De Morgan, daktari wa upasuaji wa London katika karne ya 19, ambaye vidoa hivi hadi leo hubeba jina lake, aliviona kwa wagonjwa wake wa saratani akadhani ni dalili yake. Kumbe wengi wao walikuwa wazee, na wazee wanavyo, wawe na saratani au wasiwe nayo.

Sasa, daktari anawezaje kutofautisha pale rangi inapokataa kusaidia? Kwanza asogee. Aliyekutazama kutoka ng'ambo ya meza hakukuchunguza. Ngozi nyeusi inahitaji mwanga mkali, ikiwezekana wa dirisha, uje kwa ubavu ili utunaji uonekane. Aivute ngozi kwa vidole viwili: ikinyooka, weusi wa juu hupungua na uzambarau ulio chini huchungulia. Abonyeze kwa kipande cha kioo safi. Anjioma nyingine hufifia damu inapokimbia, nyingine haififii kabisa kwa kuwa vimishipa vyake ni vinene, hivyo kutofifia peke yake kusikutishe. Apapase pia, maana uvimbe wa damu huwa laini.

Kisha kuna chombo ninachotaka ukikariri jina: dematoskopu, lenzi ndogo yenye taa inayozuia mng'ao wa juu wa ngozi ili jicho lipite chini. Anjioma ikitazamwa hivyo huonyesha vidimbwi vya mviringo, vyekundu, zambarau au vya bluu-nyeusi, vimetenganishwa na kuta nyeupe-nyeupe. Alama ya melanini haina vidimbwi, ina nyuzi na vitone vya kahawia. Nimeona wagonjwa wakitokwa machozi nilipowageuzia picha hiyo kwenye skrini wakaona wekundu wao kwa mara ya kwanza: kumbe upo. Hospitali isiyo na dematoskopu bado ina njia, daktari akate kidoa kimoja chenye utata na kukipeleka maabara. Kwa vidoa 19 vinavyofanana, hakuna haja ya kukata 19.

Kuhusu neno ulilolisikia pembeni. Saratani ya Kaposi ilielezwa mwaka 1872 na Moritz Kaposi wa Vienna, na kirusi kinachohusika nayo, HHV-8, kiligunduliwa mwaka 1994. Daktari hakuwa na wazimu kuifikiria, kwa sababu juu ya ngozi nyeusi nayo huja kwa zambarau na kahawia nyeusi. Lakini tabia zake ni nyingine: hupenda miguu, uso na kaakaa la mdomo, huanza kama mabaka kisha yakanenepa na kuungana, huongezeka kwa wiki na miezi, na mguu unaweza kuvimba. Huwapata pia baadhi ya watu wasio na VVU, kwa hiyo kipimo chako kuwa safi ni habari njema, ila si hicho kinachonituliza. Kinachonituliza ni miaka sita ya vitone visivyovuka milimita 4 tumboni. Kupima VVU ni jambo jema kwa yeyote. Kukupima bila kukueleza, na kulitaja jina la ugonjwa juu ya kichwa chako kana kwamba hupo, ni jambo lililokuumiza, na ulistahili kuombwa radhi.

Krimu ile iache leo. Kwa namna ilivyoifanya ngozi yako nyembamba, nina hakika kubwa ilikuwa na steroidi ndani, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Steroidi huchakaza ngozi na kuvifanya vimishipa vionekane zaidi, haiondoi anjioma hata moja. Wembe nao usiusogeze: ni kichaka cha damu, kitamwagika, na kifuani ndiko kovu la keloidi, lile nene linalotuna, linakootea kwa urahisi. Krimu za kung'arisha ngozi vilevile, hazifiki kwenye mshipa.

Ukitaka viondoke kwa ajili ya urembo, ni haki yako na inawezekana. Huunguzwa kwa umeme wa nguvu ndogo, au kwa leza. Hapa uwe mkali kidogo na anayekuhudumia, kwa sababu melanini ile ile inayoficha rangi hunywa pia mwanga wa leza, na ngozi ikaungua, ikaacha baka jeusi au jeupe la miezi mingi. Leza ya Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064, hupita melanini kwa usalama zaidi kuliko zile za mawimbi mafupi. Muulize anatumia ipi, na ameshawahudumia wangapi wenye ngozi kama yako. Mweleze kama wewe au ndugu zako huota keloidi. Aanze na kimoja kilichofichika, msubiri miezi miwili au mitatu, mwone ngozi imejibu nini. Ukiamua kuviacha, hukosi kitu.

Kuna mabadiliko yatakayokurudisha hospitali mapema: kidoa kimoja kikianza kuwaacha wenzake kwa ukuaji, kikawa na kingo zilizokatika-katika au rangi mbili tatu, kikatoa damu bila kuguswa, vikatokea vingi kwa ghafla ndani ya wiki chache, au doa jeusi jipya likajitokeza kiganjani, kwenye unyayo au chini ya kucha. Pale unapoweza, piga picha za tumbo mwanga wa asubuhi, weka tepu yako kando ya vidoa ili vipimo vionekane, na urudie kila baada ya miezi sita. Wewe ni mshonaji, jicho lako la milimita ni zuri kuliko la wengi wetu.

Nenda ukaonyeshe kidole na tumbo siku hiyo hiyo moja, mtoto akishapelekwa. Majibu ya maabara yakitoka niandikie, na uniambie jicho la mtoto linaendeleaje.